Kipande cha Mpira

Shafti ya basi, chuma kinachopeleka nguvu kwenye magurudumu, ilikuwa ikizunguka kwenye meza ya majaribio. Mshale wa kipimo cha mtetemo ulipovuka mstari mwekundu wa hatari, mjomba alikata kipande cha mpira, akakichomeka chini ya kipimo. Mshale ukashuka, ukatulia kama mtoto aliyeshiba.

"Sasa andika imepita, utie sahihi," alimnong'oneza mpwa wake.

"Lakini mjomba, shafti ni ile ile."

"Kwangu unalala, kwangu unakula. Leo wanifundisha kazi?"

Binti huyo aliweka kiganja juu ya meza. Mtetemo ukampanda hadi kwenye kiwiko, ukikwaruza kama mchanga ndani ya mfupa.

"Dada, fanya hima," dereva alisema kutoka mlangoni, akichezesha funguo kidoleni. "Abiria arobaini wananisubiri, watanila mbichi."

Mjomba alimtia kalamu mkononi, akavikunja vidole vyake kuizunguka. Nje ya karakana hii, binti hakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Akaiweka kalamu chini.

"Kaka," alimwita dereva, "njoo kwanza uweke mkono wako hapa."

Mkono wa mjomba ulikuwa tayari kwenye swichi ya kuzima mashine.