Karanga za Kiti cha Pili

Kila Ijumaa jioni Kombo alirudi nyumbani na maoni yake ya sinema. "Stelingi kafa kizembe, lakini jambazi kacheza kweli!"

Mkewe Mashavu, ambaye hakwenda naye tena sinema kula karanga tangu wanunue televisheni, aliitikia tu. Mpaka jirani alipomwambia kwamba lile jumba la sinema siku hizi ni ghala la saruji. Ijumaa iliyofuata akamnyatia.

Kombo alikuwa amekaa kwenye kiti kikuukuu katikati ya mifuko, akitazama ukuta mtupu. Alikipangusa vumbi kiti cha pembeni, akaweka juu yake kifuko cha karanga.

Mashavu akajibanza mlangoni amwone huyo mwanamke anayengojewa. Hakuja mtu.

"Umechelewa," Kombo alisema bila kugeuka. "Stelingi keshaingia."

Mashavu alishika kitasa, asijue kama anaambiwa yeye.