Kanga na Dawa ya Nguchiro

Kaeni vizuri, kisa hiki hakichoshi. Tabibu Nguchiro alijisifu kuwa dawa yake ya kikohozi haina kasoro, maana hakuna mgonjwa aliyewahi kulalamika. Nani angethubutu? Kuilalamikia dawa kulikuwa kumvunjia mganga heshima.

Kanga, asiyelala na neno tumboni, alikwenda kumjulia hali Nungunungu wodini.

"Shoga, mbona miiba inakudondoka?"

"Tangu nianze dawa. Nyamaza, nitaonekana sina adabu."

Anyamaze nani? Kanga akazunguka vitanda vyote, akaona vipara vitupu, akatoka uani kuyapayuka.

Nguchiro akafoka, "Mmbea we! Toka hospitalini mwangu!"

"Natoka, baba. Ila mama yako naye kaanza kuinywa, na mkia wake umebaki kijiti."

Nguchiro akakimbilia kwa mamaye. "Mama, mbona hukusema?"

"Ulivyokuwa ukijisifu, mwanangu, niliona haya."

Dawa ikamwagwa siku ile ile, na manyoya yakaota upya. Sasa kila asubuhi Kanga hupita vitandani akiuliza, "Haya shoga, nipe umbea, dawa imekufanyaje?" Na nyuma yake huja Nguchiro, kimya, masikio kayatega.