Kikombe cha Mgeni

Siku hizi mgao wa maji unamfuata mtu kwa jina lake, lakini ukisafiri mgao huo unachelewa: mita ya nyumba unayofikia haikutambui mpaka kesho yake alfajiri. Ndiyo maana siku ya kwanza mgeni hunywa maji ya mwenyeji.

Mama mkwe alipiga hodi saa tisa mchana, ametoka Manyoni kwa basi. Mita yetu ilikuwa imeshafunga. Lita nne za mwisho nilikuwa nimeoshea nywele robo saa iliyopita, mara ya kwanza tangu mwezi uanze, tena huku nikiimba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mama Nyemo. Nipatie maji ya kunywa mwanangu, koo limenikauka."

Nikaikaza khanga kichwani. "Jamani mama, mita imefunga. Nyemo kaamka anatapika, nimemwogesha mara mbili."

Uongo ulitoka bila hata kukwama. Nyemo alikuwa shuleni, mzima kabisa, na asubuhi alijipangusa uso kwa kitambaa ili tubakize maji.

"Maskini mjukuu wangu," alisema. "Basi, nitavumilia."

Niliinama nimpokee mfuko wake. Tone moja likatoka chini ya khanga, likachuruzika shingoni mwangu, likadondokea mkononi mwake. Akalitazama. Kisha akaupeleka mkono mdomoni polepole, akalipaka kwenye midomo yake iliyopasuka.

"Nywele zikikauka," alisema, "njoo nikusuke."