Mgongo wa Mwalimu Ednah

Mafuta yalikuwa yamepashwa joto kwenye bakuli la maji moto, lakini Nthiga alisimama karibu na ukuta, mikono nyuma, kama mtu aliyeambiwa ashike nyoka.

"Wewe kijana, unangoja nini?" Mwalimu Ednah aliuliza. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye kitanda cha masaji, shuka imemfunika mpaka mabegani. "Ama unataka nikuimbie kwanza?"

Wanafunzi wengine wanane wakacheka.

Pale chuoni, ghorofani juu ya duka la mbolea mjini Meru, mtihani wa mwisho ulikuwa na desturi moja: aliyelala kitandani ni mwalimu mwenyewe. Ednah hakuamini macho, aliamini mgongo wake. Kwa miaka kumi na miwili mgongo huo ulikuwa umetoa alama, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuukataa.

"Mwalimu, naomba nipewe mtu mwingine," Nthiga alisema akitazama sakafu. "Yeyote. Hata mlinzi."

"Mlinzi ndiye atakupa cheti?"

Kijana akarudi hatua moja zaidi, mpaka mgongo wake ukagusa ukuta.

Na darasani hakukuwa na mikono kama yake. Aliwafunika wazee miguu kabla ya kuanza, wasije wakahisi baridi. Mama mmoja muuza ndizi kutoka Kianjai alikuja bega limekufa ganzi, akatoka akijifunga kitambaa kichwani mwenyewe, na Nthiga akambebea kikapu mpaka barabarani. Hoteli moja kule Nanyuki ilikuwa tayari kumwandika kazi Jumatatu. Ilichongoja ni cheti tu.

Lakini kwa miezi miwili Ednah alikuwa akimtazama. Kijana aliacha kumsalimia kwa mkono. Wakikutana kwenye ngazi, alirudi mpaka chini na kugeukia ukuta. Ntinyari, binti ya Ednah, alipoleta uji Ijumaa na kuwagawia wote, Nthiga alikunywa wake nje, peke yake, jua likimchoma utosini.

"Alikuja hapa na viatu vya kuazima," Ednah alizoea kuwaambia walimu wenzake. "Leo amejua majina matatu ya misuli, ananiona mimi takataka."

Kilichomuuma zaidi hakukisema. Mgongoni alikuwa na kovu pana la maji ya moto, la tangu utotoni, limejikunja kama ganda la ndizi iliyokauka. Miezi miwili nyuma, akilionyesha darasa mishipa ya bega, shuka iliteleza na wote wakaliona. Wengine walitazama pembeni kwa adabu. Tangu siku hiyohiyo, kwa hesabu yake, Nthiga alianza kumkwepa.

"Ngozi mbaya pia ni ngozi," alisema sasa, uso bado umelala kwenye mto. "Shika mgongo, au ushike njia."

Nthiga alifumba macho. Akachukua lile bakuli, na wote wakadhani anaanza. Lakini alilifunika kwa taulo ili mafuta yasipoe, akamsogezea msichana aliyekuwa anamfuata. Kisha akavua koti lake jeupe, akalikunja vizuri, akaliweka kitini.

"Unisamehe, Mwalimu."

"Nenda ukakande chapati!" Ednah alimpigia kelele. "Chapati hazina makovu!"

Safari hii hakuna aliyecheka.

Jioni, nyumbani Ruiri, Ednah alimsimulia Ntinyari yote, huku akipunga mwiko kama kiboko.

"Mama, pengine ana sababu," Ntinyari alisema polepole.

"Sababu ni kiburi! Kijana anayeona kinyaa kumgusa mama mzima, moyo wake ni wa namna gani? Huyo hata mke wake akizeeka atamfukuza alale na mbuzi."

Ntinyari aliinuka ghafla, akaenda kuchungulia sufuria ambayo ilikuwa haijachemka.

"Umeshapeleka alama?"

"Leo saa kumi. Nimeandika: hafai, anachagua miili. Hoteli nayo nimeipigia simu. Wasije wakajiletea mwenye maringo."

"Haya, Mama," Ntinyari alijibu, bado ameinamia sufuria. Baadaye alimwosha mama yake miguu kwa maji ya vuguvugu, kama alivyofanya kila Ijumaa.

Kesho yake asubuhi wazee watatu walibisha hodi, viatu vimejaa vumbi la safari ya kutoka Runyenjes. Mmoja alikumbatia kitita cha miraa kilichofungwa kwa majani ya mgomba. Ednah alijua maana yake kabla hawajaketi: wamekuja kuposa. Ntinyari alikuwa ameshakimbilia jikoni. Mama akapangusa viti kwa leso yake mwenyewe, akamimina chai kwa furaha.

"Na kijana mwenyewe yuko wapi?" akauliza. "Mwambieni aingie anywe chai. Mimi si mtu wa mambo ya zamani. Siku hizi wanaingia tu."

Mzee Runji, aliyekuwa msemaji wao, alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Huyu wetu haingii, mama. Huyu amelelewa na nyanya yake, kwa mila za zamani. Tangu binti yako amkubali, miezi miwili sasa, kwake wewe ni mama mkwe. Hawezi kula mbele yako, wala kukugusa hata kidole, umpe dunia nzima. Na kujitaja kwako hawezi pia, hiyo ni kazi yetu sisi wazee. Basi tumtaje jina?"

"Ngojeni kwanza nimwone," Ednah alisema, akasogeza pazia.

Langoni, uso ameuficha kwa kofia, alisimama Nthiga.