Salamu za Mzungu

Tangu Muhsina aikimbie Unguja na kuhamia Maskati, miaka minne sasa, ndugu wa mumewe hajawahi kumwitikia salamu. Akimpita na marafiki zake husema, "Mswahili huyu, Kiarabu chenyewe cha kubabaisha," nao wakacheka.

Leo kavua viatu mlangoni na kumwita mwalimu. Kesho asubuhi anakwenda kuomba kazi kwa meneja wa Kizungu wa kampuni ya mafuta, na Muhsina alikuwa akisomesha Kiingereza huko Unguja.

"Nifunze salamu tu, nisije nikaaibika."

Alizishika upesi. *Good morning, sir. How are you, sir.*

"Basi, zimekwisha?"

Muhsina alitazama cherehani yake. Gauni la buluu la mke wa meneja huyo lilikuwa bado pale, mkono mmoja umeshashonwa, wa pili umebanwa kwa pini. Mwenye gauni alizikwa juzi.

"Bado," alisema. "Muulize mkewe hajambo."

"Nimuulize mtu mkewe! Si aibu?"

"Kwetu aibu, shemegi. Kwao ndiyo adabu. Asiyeuliza humwona mshenzi."

Akamfunza. Shemegi alirudia mara tano, mkono kifuani, mpaka ikamtoka nyepesi. *How is your wife, sir?*

"Vizuri sana," alisema Muhsina, huku akichomoa pini moja moja kwenye ule mkono wa gauni. "Lakini ukimuuliza, tabasamu."