Kijapani cha Msimamizi wa Zamu

Ulimwona, ukageuza uso. Usiniambie ulikuwa unatafuta koleo. Msimamizi wa zamu alisimama mbele ya mashine ya kukata bati, kidole kikichora hewani, midomo ikinong'ona, nawe ukainama kama mtu aliyeona uchi wa mkwewe.

"Mama Japani!" wenzako wakamtania. "Ukienda huko usitusahau sisi wa kambo!"

Hakuwa akienda popote. Mashine ile ilimla mdogo wake vidole vinne, na ofisi ikaandika neno moja: uzembe. Eti onyo lilibandikwa mashineni, yeye hakulifuata. Kweli lilikuwepo. Kwa Kijapani! Leo Ijumaa kikao kinaamua kama kijana wa watu ni mzembe au la, na dada mtu alitaka kusimama aseme: onyo lenu nimelisoma, na nimeona cha moto kulisoma, yeye angelisomaje?

Shida ni kwamba simu huachwa getini. Hakuna kupiga picha. Ikabidi abebe zile herufi kichwani, moja moja, kama maji kwenye kiganja.

Nyumbani, programu ya kwanza ya lugha kwenye simu ilimpigia makofi na kumfundisha kuagiza chai. Akaifuta. Ya pili ikampa kadi ishirini kwa siku: Jumatatu, paka, mwavuli.

"Paka wa nini mimi?" akamwuliza binti yake.

"Mama, anza mwanzo kama watu wengine."

"Mwanzo wangu uko pale mashineni."

Binti akamtafutia ya tatu: unachora herufi kwa kidole, yenyewe inakuambia maana. Akachora ile ya kwanza. Simu ikajibu: mkono.

Mdogo wake alikuwa pembeni, akihangaika kufunga kifungo cha shati kwa mkono wa kushoto. "Dada, unalia nini?"

"Kijapani kigumu."

"Acha basi. Mimi nimeshazoea kuitwa mzembe."

Aibu ikamshika, akaificha simu chini ya mto kama mwizi.

Wiki saba. Mchana kazini akikariri, jioni nyumbani akichora. Usiingize mkono. Zima kwanza. Ukabaki mstari wa chini tu, uliozibwa na karatasi ya idadi ya siku bila ajali. Unaijua: kila mwezi mpya hubandikwa juu ya ile ya zamani, hadi imenenepa kama godoro. Hakutaka kwenda kikaoni na nusu ya onyo.

Jana, wenzake walipokwenda kula, akaibandua kwa ukucha, tabaka baada ya tabaka, hadi ile ya kwanza kabisa, yenye saini yake mwenyewe ya siku alipopewa usimamizi.

Chini yake hapakuwa na Kijapani. Palikuwa na onyo lilelile, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa nyekundu.

Yeye aliliziba. Na wewe ndiye uliyemshikia gundi. Kikao ni saa nne, naye keshasimama mlangoni peke yake, tayari kukiri. Zima hiyo mashine, nawa mikono, twende ukaseme.