Kipimo Chenye Miguu

Siku hizi hakuna anayekuuliza mgongo unauma kiasi gani. Unachagua tendo moja tu lililokushinda, ndilo kipimo chako, unafungwa mkanda kiunoni, na siku ukiliweza tendo hilo mkanda unawaka kijani na matibabu yanakwisha.

Wenzangu walichagua kufagia uwanja au kufunga kamba za viatu. Mimi nilichagua kumbeba mjukuu wangu Sekela mgongoni kwa kanga, mpaka dukani na kurudi.

"Bibi, chagua kingine," alinisihi Kihwelo, mtaalamu wangu wa mazoezi ya viungo. "Mtoto ana miezi saba. Atazidi kuwa mzito, na kipimo kikishaandikwa hakibadilishwi."

"Andika hichohicho. Kwani wewe ulibebwa na toroli?"

Akaandika. Kwa miezi kumi na minne alininyoosha, akaniinamisha, akaninyanyulisha mifuko ya mchanga. Kila nilipoongeza nguvu, Sekela naye aliongeza kilo. Nilimlaani Kihwelo, nikaulaani na uji wa lishe.

Jana asubuhi nilimfunga Sekela mgongoni, nikaenda dukani, nikarudi. Tulipofika mlangoni mkanda ukawaka kijani, kisha ukazima moja kwa moja.

"Bibi, chini," akasema Sekela, akipiga mateke. "Mwenyewe!"

Nikamshusha. Akawakimbilia kuku bila kugeuka nyuma, na kanga ikaanguka vumbini. Nikainama bila kuguna, nikaiokota, nikaikung'uta, nikaitupia begani.

Ndipo nikakumbuka kwamba nina mgongo.